Sekunde Kumi na Moja

Kazi yangu ni kukata.
Miaka kumi na tisa nakata,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la mikate,
hapa Dolna Breza, kando ya Danubi,
ambako korongo wamejenga viota
juu ya bomba la moshi la kiwanda kilichofungwa.
Nakata chafya, nakata vikohozi,
nakata "eee" za waheshimiwa
mpaka wanamiminika kama maji ya mfereji.

Na maji ya mfereji kwetu, tusidanganyane,
yana rangi ya chai ya rangi.

Siku ile Rositsa Parvanova aliingia ukumbini
na viatu vyenye theluji, daftari limelowa pembe.
Meya Krastev ameketi
nyuma ya chupa ya maji ya dukani.
Wenzake walikwisha kuuliza:
Mheshimiwa, siri ya afya yako ni nini?
Mheshimiwa, sikukuu ya zabibu itafana?
Panya huuma na kupuliza.
Hawa walipuliza tu.

Kisha yeye:
"Leva milioni nne za mabomba mapya.
Mabomba yako wapi?"

Meya akacheka. Akamuuliza hali ya mama yake.
"Mama anaoga maji ya kahawia, ahsante.
Mabomba yako wapi?"

Akataja utawala uliopita, akataja mafuriko,
akataja bei ya chuma duniani.
"Mabomba yako wapi?"

Hapo akanyamaza.
Mkono ukaifuata chupa,
kizibo kikagoma,
akazungusha, akazungusha,
ukumbi mzima ukasikia plastiki ikilia.
Nimepima: sekunde kumi na moja.

Jioni Bwana Genchev, mhariri, akasimama nyuma yangu,
makombo ya mkate kwenye tai.
"Kata hapo. Watu hawapendi kimya."
Hakuniambia niongope.
Humu ndani hakuna aliyewahi kuniambia niongope.
Huniambia anzia hapa, ishia pale,
huyu mwonyeshe akitabasamu,
mpinzani wake mwonyeshe akitafuna.
Uongo wetu hauna hata neno moja la uongo.
Una mkasi,
na mkasi unamjua anayelipia tangazo la saa mbili.

Nikakata.
Kipande nikakihifadhi, sijui kwa nini;
labda kama mtu anavyohifadhi jino.

Taarifa ya saa nne usiku nilikirudisha.
Msiniite shujaa. Nilisahau makusudi,
na kesho yake nikaapa nimesahau kwelikweli.
Lakini asubuhi, kwenye foleni ya mikate,
bibi mmoja alikuwa akihesabu kwa vidole,
moja, mbili, tatu,
na foleni nzima ikimsaidia kufika kumi na moja.

Masika, Krastev akaanguka.
Akaingia Nevena Ilcheva, mtu wetu,
nami nilimpigia kura,
nikalia kidogo, nikasingizia mafua.
Mwaka ukapita. Chai bado ni chai.
Rositsa akaenda na daftari lilelile:
"Mabomba yako wapi?"

Mji ukamgeuka.
Waliobandika picha yake madirishani
wakaibandua na rangi ya mbao.
Amenunuliwa, walisema. Jana alikuwa wetu.
Mtu akamwachia mlangoni ndoo ya tope.
Aliipiga picha, akaimwaga, akaenda kazini.

Usiku huu picha ziko mbele yangu.
Nevena anatafuta maneno, hayapati.
Macho yake yanashuka kwenye meza, kwenye chupa.
Genchev yuko likizo, baharini.
Hakuna aliyesimama nyuma yangu.
Na kidole changu, Mungu wangu,
kidole changu chenyewe, bila kuambiwa,
kimekwisha fika kwenye mkasi.

Nimekata.
Nimerudisha.
Chini, tanuri la kwanza linawashwa.
Safari hii ni sekunde tisa.
Nazihesabu tena.